Oldfield Thomas: Karani wa London aliyewapa majina panya wa Elgon, Taveta na Rwenzori

Mfanyabiashara anayefungua ghala lake Malaba, Taveta au Kasindi na kukuta gunia la maharage limetobolewa huwa na neno moja tu mdomoni: panya. Kwa hasira ya asubuhi ile, neno hilo linatosha. Lakini kwa anayetaka kujua kwa nini panya wamefurika ghafla baada ya mvua za vuli, au kama panya aliyekufa uani ana ugonjwa unaoweza kuvuka mpaka pamoja na mzigo, neno hilo ni pana mno. Afrika Mashariki na Kati ina makumi ya aina za panya, na kila aina ina tabia yake, makazi yake na magonjwa yake.

Aina nyingi kati ya hizo zilipewa majina ya kisayansi na mtu mmoja aliyefanya kazi mezani London, Michael Rogers Oldfield Thomas. Alizaliwa 1858 na kufariki 1929. Katika miaka hiyo 71 aliandika zaidi ya makala 1,000 za kitaalamu na kutoa majina mapya yanayokadiriwa kufikia 2,900 ya jenasi, spishi na spishi ndogo za mamalia kutoka karibu kila pembe ya dunia. Wengi wa wanyama hao walikuwa wadogo: panya, popo, vicheche na kuchakuro.

Mtu wa mpakani anaijua kanuni aliyoifuata Thomas, kwa kuwa anaiishi kila siku kwenye foleni ya forodha. Mzigo usio na jina sahihi, wala hati ya kuonyesha ulikotoka, hauna wa kuuamini. Thomas aliitumia kanuni hiyo kwa panya.

Karani wa miaka 18

Thomas alizaliwa Februari 21, 1858, katika kijiji cha Millbrook, Bedfordshire, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 18, aliajiriwa katika ofisi ya katibu wa Makumbusho ya Uingereza, jijini London. Ilikuwa kazi ya karatasi na kalamu. Miaka miwili baadaye, 1878, alihamishiwa idara ya wanyama, na humo ndimo alimomalizia maisha yake yote ya kazi.

Alihamia wakati mwafaka. Mwaka 1881 makumbusho hayo yalifungua jengo jipya la historia ya asili huko South Kensington, lenye nafasi kubwa ya kuhifadhi wanyama. Miaka michache baadaye mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin na kuweka kanuni za kugawana Afrika. Meli zilizoleta maofisa, madaktari, wamisionari na wapima mipaka zilirudi Ulaya zikiwa na masanduku ya ngozi na mafuvu ya wanyama. Ofisa aliyepangiwa kituo cha mbali aliweza kutega mitego jioni, kuchuna panya asubuhi, na kumpeleka London kwa meli iliyofuata. Masanduku ya mamalia yaliishia mezani pa Thomas.

Utaratibu wa kutoa majina ulikuwepo tayari. Mwaka 1758 Mswidi Carl Linnaeus alikuwa ameweka desturi ya kumpa kila mnyama majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu, na la pili ni la spishi. Panya mdogo wa nyumbani akawa Mus musculus. Tatizo ni kwamba jenasi hiyo ya Mus iligeuka kuwa gunia la kila kitu. Kwa zaidi ya karne moja, panya yeyote aliyepatikana popote, mkubwa kwa mdogo, wa msituni au wa mbugani, alitupwa humo. Thomas alipoanza kazi, ghala lilikuwa limejaa na bidhaa zimechanganyika.

Lebo mguuni

Kazi yake ilifuata hatua zilezile kwa kila mnyama. Ngozi ilifika ikiwa imejazwa pamba, fuvu likiwa limesafishwa na kuwekwa pembeni. Mguuni palifungwa lebo ndogo yenye mahali alipokamatwa, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, jinsia, jina la mkusanyaji na namba yake. Ziliandikwa pia vipimo vinne: urefu wa kichwa na mwili, mkia, unyayo wa nyuma na sikio. Thomas alilinganisha rangi ya manyoya, akapima fuvu, kisha akachunguza magego. Vinundu vilivyo juu ya magego ya panya hupangika tofauti kwa kila jenasi, na mara nyingi humtambulisha mnyama ambaye ngozi yake inafanana kabisa na ya jirani yake.

Akiridhika kwamba mnyama huyo hajawahi kuandikwa, alichagua mmoja awe kielelezo mama. Huyo ndiye anayebeba jina milele. Mtu yeyote anayedai kwamba panya wake ni wa spishi ile hana budi kumlinganisha na kielelezo hicho. Baada ya hapo Thomas aliandika maelezo mafupi, mara nyingi katika jarida la London liitwalo Annals and Magazine of Natural History, na jina likawa rasmi.

Mwaka 1893 aligundua kwamba wataalamu wenyewe walikuwa wakilitumia neno hilo la kielelezo mama kiholela. Akapendekeza maneno ya kutofautisha vielelezo: kile chenyewe kinachobeba jina, vile vilivyotumiwa pamoja nacho wakati wa kuandika, na vile vilivyokusanywa baadaye mahali palepale. Baadhi ya maneno yake bado yanatumika. Yaliupa uzito ukweli kwamba panya anayetoka mahali palepale pa kielelezo mama ana thamani ya ushahidi ambayo panya wa kilima cha mbali hana. Hiyo ni kama tofauti ya mzigo wenye cheti cha uasilia na mzigo ambao dereva anasema tu kwamba umetoka huko.

Fedha za Mary

Mwaka 1891 Thomas alimwoa Mary Kane Clark, binti wa Sir Andrew Clark, daktari mashuhuri wa London. Mary alikuwa na mali, na mali hiyo ilibadili kazi ya mumewe. Mshahara wa makumbusho usingetosha kulipa wakusanyaji wa kupanda milima ya Amerika ya Kusini au kukaa miezi kadhaa katika nyika za Afrika. Fedha za familia ziliwezesha. Thomas aliajiri wakusanyaji, akawaandikia barua za kuwaelekeza ni bonde gani halijaguswa na ni aina gani ya mtego ipelekwe, na vielelezo vikawa mali ya makumbusho.

Pia alikuwa na kipaji cha kuwavuta watu wenye muda. Robert Charles Wroughton, mstaafu wa idara ya misitu kule India, alijitolea kufanya kazi kando yake na wakaandika pamoja makala nyingi kuhusu panya wa Afrika. Vijana kama Guy Dollman walijifunza ufundi huo katika idara yake, kisha wakaandika aina nyingine za Kenya na Uganda wao wenyewe. Mwaka 1901 Thomas alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa ya kisayansi nchini Uingereza.

Mombasa, Taveta, Elgon, Rwenzori

Ukitandika ramani ya majina aliyoyatoa katika eneo letu, utaona njia na vituo ambavyo wafanyabiashara wanavijua vizuri.

Mwaka 1892, Mombasa ikiwa chini ya kampuni ya Waingereza na reli ya Uganda haijaanza kujengwa, Thomas aliandika panya mwenye manyoya magumu kama miiba mgongoni kutoka mji huo. Akamwita Acomys wilsoni. Mwaka 1901, mwaka ambao reli ilifika Ziwa Victoria, alimwandika panya wa nyika kavu kutoka Naivasha na kumwita Gerbillus harwoodi.

Mwaka 1909 ikawa zamu ya Taveta, mji ambao leo unatazamana na Holili ya Tanzania. Kielelezo kilitoka kwa Sidney Hinde, daktari aliyewahi kutumikia Congo kabla ya kuwa ofisa wa utawala wa Uingereza katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Panya huyo ana mifuko ndani ya mashavu. Hubeba mbegu humo na kuzipeleka shimoni, kama mchuuzi anayejaza kikapu kabla soko halijafungwa. Thomas aliona kwamba hafanani na jenasi yoyote iliyokuwa ikijulikana, akamfungulia jenasi mpya: Beamys hindei.

Mwaka huohuo, kutoka Kirui katika Mlima Elgon upande wa Kenya, alipokea panya wadogo sana, wa jenasi ileile ya kipanya wa nyumbani lakini wasioishi nyumbani. Wawili kati yao wakawa Mus triton na Mus sorella. Kwa macho ya kawaida ni vipanya tu vya shambani. Kwa magego na mafuvu yao ni spishi mbili tofauti, zilizoandikwa kutoka mlima mmoja. Leo Elgon una vituo vya mpaka vya Suam na Lwakhakha, na vipanya hao wapo pande zote mbili.

Mkusanyiko mkubwa zaidi ulitoka Rwenzori. Kati ya 1905 na 1906 makumbusho yalituma msafara kwenye milima hiyo, wakati mpaka wa Uganda na Congo ukiwa bado unabishaniwa. Kiongozi wake alikuwa R. B. Woosnam. Kutokana na sanduku hilo moja Thomas alipata Lophuromys woosnami na Otomys denti, ambao majina yao yanawakumbuka wanamsafara Woosnam na Dent. Alipata pia kipanya aliyemwita Mus bufo, neno la Kilatini lenye maana ya chura. Mwaka 1907 akaongeza panya wa mitini mwenye manyoya mazuri na kumwita Thamnomys venustus, yaani mwenye kupendeza. Baadhi ya panya hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa katika milima ya ufa wa magharibi, inayogawanywa na Uganda, Congo, Rwanda na Burundi.

Mwaka huohuo wa 1907, yeye na Wroughton walimwandika Colomys goslingi kutoka mto Uele kaskazini mwa Congo. Ni panya mwenye miguu mirefu anayesimama ndani ya vijito na kuvua wadudu wa majini. Jina linamkumbuka Kapteni Gosling, aliyefia Niangara akiwa safarini.

Orodha hii inaonyesha pia upungufu wa enzi hiyo. Majina ni ya maofisa, madaktari na wasafiri wa Kizungu. Watu wa Taveta, wa Kirui na wa miteremko ya Rwenzori, waliojua mashimo yako wapi, njia za panya ni zipi na jina la kila mmoja kwa lugha yao, hawamo katika majina hayo. Lebo ilikuwa na nafasi ya mwinuko na tarehe, lakini mara nyingi haikuwa na nafasi ya jina la mwenyeji aliyetega. Na vielelezo mama vyote hivyo vilibaki London.

Kufungua gunia la 1915

Kwa mkulima na mfanyabiashara wa nafaka, mwaka muhimu zaidi katika maisha ya Thomas ni 1915. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeifikia Afrika Mashariki, na Taveta yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. London, Thomas alikaa na mamia ya panya wa Afrika waliokuwa wamerundikwa pamoja kwa miaka mingi na kuanza kuwatenganisha.

Alitoa jenasi mpya kadhaa kwa mkupuo. Praomys ikawa ya panya laini wa msituni. Aethomys ikawa ya panya wa vichaka na mawe. Grammomys ikawa ya panya wa mitini wenye mikia mirefu. Na Mastomys ikawa ya panya mmoja maarufu kwa ubaya, yule anayeitwa panya shamba. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya titi, kwa sababu jike wa jenasi hiyo anaweza kuwa na chuchu zaidi ya 20. Chuchu hizo zina kazi. Jike mmoja huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja, na mvua zikiwa nzuri wale watoto nao huanza kuzaa ndani ya miezi michache.

Ndiyo sababu panya hufurika. Watafiti wa Morogoro wameonyesha kwamba mvua nyingi za vuli huwapa panya shamba chakula mapema, wakazaana kabla ya msimu wao wa kawaida, na mashamba yakavamiwa wakati wa kupanda na wa kuvuna. Panya wa darini, anayekaa kwenye mapaa na maghala ya mjini, hana mwendo huo. Yeye asili yake ni Asia, alifika pwani kwa vyombo vya biashara zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu. Mmoja hutoka shambani kwa misimu, mwingine anaishi na watu mwaka mzima. Mfanyabiashara anayewachanganya hao wawili atanunua sumu wakati usiofaa na kuiweka mahali pasipofaa.

Meza ya mwisho

Thomas alistaafu rasmi 1923, lakini hakuacha kwenda kazini. Aliendelea kupima mafuvu na kuandika. Mwaka 1926, akiwa na miaka 68, alitoa jina la jenasi Hylomyscus kwa panya wa misituni wa Afrika, jenasi ambayo bado inatumika na ambayo ndugu zake wapo kuanzia Afrika Magharibi hadi milima ya Kenya.

Mary alifariki 1928. Walikuwa wameishi pamoja miaka 37, na mali yake ndiyo iliyolipia safari nyingi zilizojaza makabati ya mumewe. Thomas hakupona pigo hilo. Juni 16, 1929, mwaka mmoja hivi baada ya msiba, alijitoa uhai kwa bastola. Mtu aliyetumia nusu karne kuhakikisha kila kiumbe kidogo kina jina na mahali pake alimaliza siku zake katika upweke ambao kazi haikuweza kuuponya.

Majina yaliyozikwa, yakafufuka

Baada ya kifo chake upepo uligeuka. Wataalamu wa katikati ya karne ya 20 waliona kwamba Thomas na wenzake walikuwa wamegawanya mno. Wakaanza kuunganisha. Mastomys yake ikaingizwa ndani ya jenasi ya panya wa darini, kisha ikahamishiwa kwa Praomys. Spishi nyingi zikashushwa cheo na kuwa spishi ndogo tu. Katika mengine walikuwa na haki: Thomas alifanya kazi kwa ngozi chache, na mara nyingine alitoa jina jipya kwa tofauti ya rangi ambayo ni ya umri au ya msimu.

Kisha zikaja mbinu za kuhesabu kromosomu, na baadaye za kusoma vinasaba. Majina mengi yaliyozikwa yakafufuka. Mastomys ikarudi kuwa jenasi kamili. Panya buku, yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni, alidhaniwa kwa miaka mingi kuwa spishi moja kuanzia Gambia hadi Afrika Kusini. Uchunguzi wa karne hii uligundua kwamba wa mashariki na kusini ni tofauti, na jina lililostahili lilikuwa tayari kabatini: Cricetomys ansorgei, lililotolewa na Thomas mwaka 1904 kwa kielelezo cha Angola. Huyo ndiye panya anayefundishwa Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Wanafunzi wa Morogoro wamekwenda kazini Msumbiji na Angola, wakibeba jina lililosubiri zaidi ya karne moja.

Kilichowezesha jina kufufuka ni lebo. Kama Thomas asingesisitiza mahali, tarehe na kielelezo kimoja kinachobeba jina, watafiti wa leo wasingekuwa na pa kurudi kuhakiki.

Jina lenye ugonjwa ndani yake

Huenda mtu akauliza, mchuuzi wa Busia ana haja gani na vinundu vya magego? Jibu lilipatikana Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba panya shamba wa nchi hiyo walikuwa spishi mbili zinazofanana kwa sura: Mastomys natalensis mwenye kromosomu 32 na Mastomys coucha mwenye 36. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba coucha huugua tauni kwa urahisi, wakati natalensis huistahimili zaidi, na maeneo yaliyokuwa na historia ya tauni kwa binadamu yalilingana na makazi ya coucha. Kwa miaka mingi wauguzi na wakaguzi wa afya walikuwa wakipambana na panya wawili kwa jina moja.

Kwetu tauni si hadithi ya vitabuni. Wilaya ya Lushoto, Tanzania, ilipata mlipuko mwaka 1980, na katika zaidi ya miongo miwili iliyofuata watu zaidi ya 7,000 waliugua. West Nile ya Uganda na Ituri ya Congo, maeneo yanayopakana na yenye masoko yanayotembeleana, yote yamewahi kupata ugonjwa huo. Daktari wa upande mmoja akiandika panya tu, na wa upande wa pili akaandika panya tu, hakuna atakayejua kama wanazungumzia mnyama mmoja.

Jina sahihi huzuia pia hofu isiyo na msingi. Homa ya Lassa ya Afrika Magharibi hubebwa na Mastomys natalensis, ambaye yupo pia Tanzania na kwa majirani zake. Lakini ukoo wa panya huyo ulioko Morogoro umekutwa na virusi vingine, ndugu wa vile vya Lassa, ambavyo havijulikani kumletea binadamu ugonjwa. Spishi ni ile ile, ukoo ni mwingine. Mpanga sera asiyeijua tofauti hiyo anaweza kufunga soko bila sababu.

Kwa mwenye ghala, hatua ni rahisi. Ukiona panya wengi wanakufa ovyo bila sumu, usiwashike kwa mikono mitupu na usiwatupe njiani. Toa taarifa kituo cha afya au kwa ofisa mifugo, ukitaja mahali hasa, siku na idadi. Hayo ni mambo yaleyale yaliyoandikwa kwenye lebo za Thomas.

Kutoka Woosnam hadi Kilonzo

Mwaka 1888 Thomas alikuwa amemwandika panya wa Ethiopia mwenye manyoya magumu yenye madoa, Lophuromys flavopunctatus. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 karibu kila panya wa namna hiyo katika milima ya Afrika Mashariki aliwekwa chini ya jina hilo. Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Ulaya na Tanzania liliyapitia upya mafuvu na vinasaba, likakuta kwamba milima tofauti ina spishi tofauti. Zilihitaji majina.

Panya wa Magamba, katika Usambara Magharibi, akawa Lophuromys kilonzoi. Wa Mlima Rungwe akawa machangui. Wa Mlima Hanang akawa makundii. Wa Mbizi, Ufipa, akawa sabunii. Kilonzo, Machang'u, Makundi na Sabuni ni wanasayansi wa Kitanzania wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, watu waliotumia miaka yao kuchunguza panya, tauni na hasara ya mazao.

Majina hayo yamefuata kanuni zilezile alizozifuata karani wa 1876: jenasi, spishi, kielelezo kimoja, mahali pamoja palipoandikwa waziwazi. Woosnam amebaki Rwenzori, Hinde amebaki Taveta, na sasa Kilonzo yuko Usambara. Milima mingi ya mipakani bado haijategwa vya kutosha, na lebo zake zinasubiri kuandikwa.